Mongolia kwa Njia ya Ndosho

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Nimeanza daftari hili leo, kwa sababu mtu anayekaribia kusafiri lazima awe na daftari. Jina langu ni Ézéchiel. Umri, miaka arobaini na sita. Kazi, fundi wa kushona. Makao, Ndosho, mjini Goma, mlango wa bluu karibu na wauza mbao. Nayaandika haya kwa faida ya watakaoliokota daftari hili iwapo nitapotea njiani.

Jambo lisilofaa kuandikwa, lakini hapa niko peke yangu: sijawahi kufika mbali. Magharibi nimefika Sake. Kaskazini nimefika Rumangabo, juu ya lori la mbao, nikiwa usingizini. Niliamka tumesharudi. Lakini kwa njia ya vitabu nimetembelea nchi sita, na zote zina muhuri.

Muhuri unatoka kwa Mama Louise. Ni mjane, mzaliwa wa Butembo, mwenye miwani na sauti inayomfanya mtu anyooshe mgongo bila kuambiwa. Ndiye anayetunza chumba cha kusomea kule Himbi, na ndiye aliyeunda kundi letu la Wasafiri wa Kukaa. Sheria ni rahisi. Unaazima kitabu cha safari, unatangaza kwamba umeondoka. Ukikimaliza, unatangaza kwamba umerudi. Unaulizwa maswali mawili matatu, halafu unapigiwa muhuri kwenye pasipoti yako, yaani daftari la shule lililofunikwa kwa karatasi ya kijani.

Leo Mama Louise ametoa habari. Watu fulani wa Bukavu wanatupatia makasha manane ya vitabu. Jumatatu ya tarehe 18 atapanda meli kwenda kuyachukua, na anahitaji mwenzake mmoja wa kumsaidia. Nafasi hiyo ni ya mwenye mihuri mingi kufikia Jumamosi ya tarehe 16.

Ziwa zima kwenda, ziwa zima kurudi, upande mmoja makasha, upande mwingine Mama Louise.

Hali ya mashindano: Muzee Valentin, mihuri kumi na tisa. Mimi, sita.

Huyo Valentin ni mstaafu wa douane, yaani forodha. Alisimama mpakani miaka thelathini akitazama wengine wakivuka. Mpaka leo kila Jumamosi anasimama kwenye mlango wa chumba cha kusomea na kumwuliza kila anayeingia kama ana kitu cha kutangaza. Wengine wanacheka. Mimi sicheki. Mara moja alinikuta na biskuti.

Jumanne, tarehe 5

Mpango umepatikana. Nchi zisichaguliwe kwa uzuri. Zichaguliwe kwa unene.

Nimekwenda Himbi na mita yangu ya kushonea nikapima rafu nzima. Urusi, sentimita saba. Hiyo nimemwachia Valentin. India, tano na nusu. Denmark, moja na robo. Nimeazima Denmark.

Nimesoma ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho. Nimejiuliza kwa haki kabisa: mtu aliyeingia katika nchi na akatoka, nani atasema hakufika?

Kazi imenirundikia mezani. Ijumaa ni tarehe nane ya wanawake, na kila mama wa mtaa anataka blauzi ya kitenge cha sikukuu. Ninazo kumi na moja, pamoja na ya Mama Louise mwenyewe. Nimeshona mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika Denmark. Msafiri wa kweli hapotezi saa.

Jumatano, tarehe 6

Denmark imekataa.

Nilifika Himbi saa nne asubuhi nikatangaza kurudi kwangu. Mama Louise akaniuliza nini kilichonigusa zaidi kwa watu wa kule. Nikajibu bila kusita kwamba ni mapenzi yao kwa Birgit. Nikaeleza kwamba katika nchi ile hakuna jambo linalofanyika bila kumshukuru Birgit, kwanza kwa uvumilivu wake, pili kwa kupiga chapa.

Mama Louise akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma, akafunga. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemvua mtoto kiatu kilichobana, kwamba Birgit ni mke wa mwandishi.

Nikauliza kama mwandishi si mtu wa Denmark. Akasema ni Mswisi. Nikasema basi hiyo inaonyesha jinsi watu wa Denmark walivyo wakarimu, kukubali kumshukuru mke wa Mswisi.

Hakuna muhuri. Valentin, aliyekuwa dirishani na Urusi yake, aligeuza ukurasa kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Alhamisi, tarehe 7

Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa kusoma. Anayehitaji muhuri atafute muhuri.

Nimekwenda kwa Nizeyimana, fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka kwangu. Mikono yake haina mfano. Ndiye pia aliyegundisha upya vitabu vya chumba cha kusomea baada ya paa kuvuja mwezi wa kwanza. Nimemwonyesha muhuri wa Mama Louise kwenye pasipoti yangu: duara, na katikati neno GOMA. Nimemwomba achonge wa namna hiyo kwenye soli ya kandambili. Ameniuliza ni wa kazi gani. Nimesema ni wa kazi ya ofisi. Amenitazama, akatazama suruali yangu yenye nyuzi, hakuuliza tena.

Amechonga mbele yangu. Herufi safi, duara safi. Nimeusoma kwenye soli: GOMA. Nimetikisa kichwa kwa kuridhika.

Nimemaliza blauzi zote kumi na moja, kwa kasi ya furaha.

Ijumaa, tarehe 8

Mji mzima umejaa vitenge. Wanawake wameandamana tangu asubuhi, na chumba cha kusomea kimefungwa. Nimekaa ndani na soli yangu nikasafiri. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza Brazili, Japani, Norwe, Misri na visiwa vitatu ambavyo sikuona haja ya kuvipa majina. Jumla, kwa kuhesabu na zile sita za zamani, kumi na tatu. Kesho nitasema nilikuwa nikisoma usiku kwa siri, kwa unyenyekevu.

Mchana nilitoka kuwatazama wanaoandamana. Nilimwona Mama Louise mstari wa tatu. Kitu fulani hakikuwa sawa. Nikasogea. Blauzi yake ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mkono wake wa kuume ulikuwa umeelekea nyuma kama usukani wa mtumbwi.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya uani.

Jumamosi, tarehe 9

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi ili isikae muda mrefu kwenye karatasi.

Valentin alisimama mlangoni. Akauliza kama nina kitu cha kutangaza. Nikamkabidhi pasipoti mwenyewe, kwa majivuno. Aliifungua, akaishika mbali na macho, akaishika karibu, halafu akaniuliza kwa adabu sana nchi ya Amog iko wapi.

Sikuelewa. Akanionyesha. Mihuri yangu yote saba mipya imeandikwa AMOG.

Nilijitetea kwamba huenda ni muhuri wa kutoka, na ule wa kawaida ni wa kuingia. Valentin akasema kwa miaka thelathini ameshika pasipoti za uongo za kila namna, lakini hii ni ya kwanza kumtia huruma.

Mama Louise hakupaza sauti. Heri angepaza. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya Brazili, Japani, Norwe, Misri na visiwa. Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Papa Ézéchiel, blauzi ilinifanya nipungie mikono bantu ba nyuma siku nzima, sikusema kitu. Lakini hii hapana. Utasoma kitabu moja. Moja tu. Yote. Na mimi ndiye nitachagua."

Amenipa Mongolia. Sentimita tatu na nusu.

Jioni nilimrudishia Nizeyimana soli yake kwa hasira. Akaitazama, akasoma kwa sauti: "Goma." Akasema kosa si lake kama mimi nasoma karatasi wakati yeye amechonga soli.

Jumatatu, tarehe 11

Nimeanza kusoma, kwa chuki.

Kitabu kimeandikwa na bibi mmoja wa Ufaransa aliyepanda farasi peke yake miezi mitano. Ukurasa wa kwanza analalamika juu ya tandiko. Ukurasa wa nane bado tandiko. Nikasema huyu bibi angekuwa mteja wangu ningemfukuza.

Ukurasa wa ishirini upepo ukaanza.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu, nje chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inapita, vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia kama kila siku, na mimi nikafunga shingo kwa kitambaa. Katika nchi ile hakuna kuta. Unaweza kutembea juma zima na usione mlango wa mtu. Watu wanaishi katika mahema ya duara yaliyotengenezwa kwa manyoya ya kondoo, na mgeni haulizwi jina lake kabla ya kunywa.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi ya shule. Nilimpa chai kabla ya kumwuliza jina. Alishtuka, akanywa.

Jumanne, tarehe 12

Wanakunywa chai yenye maziwa na chumvi. Nimejaribu. Nimejaribu tena, kwa sababu mara ya kwanza huenda nilikosea chumvi. Sikukosea.

Ukurasa wa tisini farasi wa yule bibi amekufa. Nimefunga duka nusu saa.

Sijashona chochote tangu jana. Ni jambo la ajabu, lakini leo sikuwaza mihuri hata mara moja mpaka saa tisa. Nilipoikumbuka nilijisikia kama mtu aliyesahau kufunga vifungo.

Alhamisi, tarehe 14

Mongolia ni nchi kubwa kuliko nilivyofikiri.

Ukurasa wa 112, yule bibi analala katika hema, theluji inaanguka, mbwa wanabweka. Ukurasa wa 113 anaamka na yuko kando ya bahari. Anakula dagaa wa kuchoma. Mji uko juu ya vilima, na kuta za nyumba zimefunikwa vigae vya bluu. Wanawake wenye shali nyeusi wanaimba nyimbo za huzuni, na kila mtu anakula makayabo. Makayabo yetu kabisa, samaki mkavu wa chumvi, wanalowesha usiku na kupika na viazi. Nilipopiga hesabu nikaona hata ile chai ya chumvi sasa inaeleweka. Watu hawa wanapenda chumvi.

Nilijiuliza kidogo kuhusu bahari. Shuleni mwalimu hakuitaja. Lakini mwalimu wetu naye hakuwahi kufika.

Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Ukurasa wa 231. Kitabu cha kwanza katika maisha yangu ambacho nimekisoma chote. Nimekaa nimekiweka mapajani. Nilitamani kumwambia mtu. Nikamwambia Nizeyimana, kwa kuwa alikuwa karibu. Akasema hongera, na kwamba anakikumbuka kitabu hicho, alikigundisha yeye.

Jumamosi, tarehe 16

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana ni siku ambayo watu wataipotosha.

Tulikuwa kumi na mbili kwenye mabenchi. Mvua ilikuwa imekatika, chumba kinanuka makoti yaliyolowa. Nilisimama wa kwanza. Sikushika karatasi. Nikawapa upepo, nikawapa mahema, nikawapa farasi aliyekufa. Waliacha kunong'ona. Mama Louise aliweka kidevu kwenye mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya nikiwa nasema mimi.

Kisha nikawateremsha baharini.

Valentin akakohoa. Akauliza bahari ipi.

"Bahari ya Mongolia, Muzee," nikajibu.

Nikaendelea na dagaa, vigae, makayabo. Kila nikitaja kitu, Valentin anazidi kunyooka kwenye benchi. Mama Louise akaniuliza kwa upole kama kweli nimesoma kitabu chote.

"Yote, Mama. Neno kwa neno."

"Na bahari iko ndani?"

"Iko. Nilitoka humo nimelowa."

Hapo Valentin akasimama bila kuitwa. Akasema anaomba kuripoti nchi yake mara moja, kwa sababu kuna mtu ameiiba. Yeye juma hili alikuwa Ureno. Ni Wareno wenye vigae, ni Wareno wenye makayabo, kila mtu Kongo anajua. Watu wakaanza kumwunga mkono, nikaona chumba kinanitoka. Lakini Valentin ni mtu wa kazi kamili. Hakuishia hapo. Akaendelea mpaka katikati ya kitabu chake, akaeleza kwamba barabara za Ureno zikiisha, Wareno wanahamia kwenye mahema ya duara, ya manyoya, katika theluji, na kwamba wanakamua farasi na kunywa maziwa yake yakichacha.

"Hao ni watu wangu," nikasema.

"Ni Wareno."

"Muzee, Mureno hakamui farasi."

"Nimewaona."

"Umewaona wapi?"

"Ukurasa wa mia moja na thelathini. Na mimi nilijua Mureno mumoja hapa, miaka ya themanini, alikuwa na duka ya vitambaa. Hakuniambiaka habari ya farasi. Sasa ninaelewa. Alikuwa mutu wa siri."

Nilimwambia hataichukua theluji yangu. Akaniambia nimrudishie bahari. Tulikuwa tumesimama pua kwa pua, wanaume wawili wenye umri jumla wa miaka mia moja na kumi na saba, tukigombania makayabo.

Mama Louise akanyoosha mikono yote miwili, akadai vitabu. Akavifungua vyote katikati, akaviweka mezani kimoja kando ya kingine. Akageuza ukurasa huku, akageuza kule. Akavua miwani. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani tumemliza. Nikatafuta kitambaa. Alikuwa anacheka, tena kicheko ambacho hakikuweza kusimama, mpaka aliyekuwa karibu naye akamshika mgongo.

Alipopata pumzi akatuonyesha. Mvua ya mwezi wa kwanza ilivipasua vitabu vyote viwili katikati, na Nizeyimana alipoviunganisha alichanganya nusu. Mongolia yangu iliishia Ureno. Ureno ya Valentin iliishia Mongolia. Mwandishi wangu wa pili hata hakuwa bibi, alikuwa padri mmoja mnene.

Mama Louise akasema tumesoma kweli, na haki ni haki. Akafunika nusu ya muhuri kwa karatasi, akatupigia kila mmoja nusu Mongolia na nusu Ureno. Mimi, saba. Valentin, ishirini, na Urusi ya juma lililopita, ishirini na moja. Hakuna aliyehitaji kuhesabu tena. Valentin akafunga kifungo cha juu cha koti, kama mtu anayesikia honi ya meli.

Ndipo Angèle akaomba kusema.

Lazima nieleze Angèle ni nani, maana mpaka leo sikuona sababu ya kumwandika. Anauza sambaza sokoni, hao samaki wadogo wa ziwa letu. Amejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Anakaa benchi la nyuma na anasoma kwa kidole. Kitabu chake ni kimoja tu, cha Bolivia, na ana miezi minane nacho. Mihuri: sifuri.

Akasema, bila kusimama, kwamba alitaka tu kuomba kitabu kwa mwezi mwingine. Mama Louise akamwuliza amefika wapi. Angèle akasema alishafika mwisho tangu Krismasi, lakini kila mara anarudi nyuma.

"Unarudia nini?"

"Kuko mama mumoja," akasema Angèle. "Anauzisha samaki kando ya ziwa. Kule ziwa iko juu ya mulima, baridi mingi. Ule mwandishi alipita asubuhi, akamupiga picha, akaandika kama kofia yake ni nzuri. Akaenda. Hakununua. Sasa mimi niko natafuta mbele, niko natafuta nyuma, kama aliuzisha. Samaki ya vile haifikishe kesho. Hawakuandika. Kitabu nzima, hakuna mwenye aliandika kama ule mama aliuzisha."

Kisha akaongeza, kama anayejitetea, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuvuka hata ziwa hili analolala kando yake. Samaki ndio wanaokuja. Yeye anabaki.

Mimi nikapangusa macho. Chumba kile kina vumbi sana.

Mama Louise akaufunga muhuri ndani ya kisanduku chake. Akasema amebadilisha sheria, na kwamba anajua si haki.

"Mwenye ataenda Bukavu ni ule mwenye akirudi, tutajua kama alifika."

Wote wakageukia Valentin. Nilingoja apinge, maana akipinga ningepinga pamoja naye, halafu ningeona. Aliifungua pasipoti yake yenye mihuri ishirini na moja, akaifunga. Kisha muzee yule akasimama, akaenda mpaka mlangoni, mahali pake pa kila Jumamosi, akaufungua mlango wote, akamtazama Angèle.

"Apite," akasema.

Angèle akafunika uso kwa kitenge.

Jumapili, tarehe 17

Nimewaza baada ya misa. Jambo hili lina fundisho kubwa na nimelipata.

Siku niliposoma kurasa mbili za Denmark, aibu yangu ilikuwa ndogo, ya kibinafsi. Siku niliposoma kurasa 231, aibu yangu ilikuwa mbele ya watu kumi na mmoja. Basi hatari ya kitabu inaongezeka kwa kadiri unavyokisoma.

Nimepita kwa Nizeyimana kumweleza alichofanya. Hakujuta. Akasema alitazama namba: baada ya 112 inakuja 113, katika vitabu vyote viwili, na yeye ni fundi viatu, akiona cha kulia na cha kushoto vinalingana anafunga kazi.

Halafu nikaona kitu. Mama mmoja wa sambaza na mama mmoja wa miwani, watabebaje makasha manane? Lazima kuwe na mwanamume. Mwanamume huyo akiwa ameshapanda meli na mizigo mikononi wakati kamba inafunguliwa, nani atamtupa majini?

Jumatatu, tarehe 18

Nilikuwa bandarini mapema, shati lililopigwa pasi, pasipoti mfukoni. Mama Louise alifika na Angèle, aliyekuwa amevaa viatu vya ibada na kushika kitabu cha Bolivia kifuani. Nilichukua mifuko yao bila kuulizwa. Mama Louise akasema asante, lakini si lazima. Nikasema ni lazima. Nikapita ubao, nikaingia ndani ya meli.

Ziwa lilikuwa limetulia kama ugali. Meli ilikuwa bado imefungwa kwa kamba mbili nene. Lakini ilifanya hivi kidogo, na hivi kidogo.

Sitaandika yaliyofuata kwa urefu. Nilishika ukuta. Ukuta nao ukaenda. Nikainama upande wa maji, na chai yote niliyokunywa tangu alfajiri ikavuka mpaka peke yake. Nikasikia baharia mmoja akimwuliza mwenzake kama huyu papa ametoka Bukavu sasa hivi, maana jana ziwa lilichafuka vibaya. Mwenzake akasema hapana, huyu ametoka pale, akaonyesha ubao.

Angèle ndiye aliyenishika kiwiko mpaka nchi kavu. Akanisafisha mdomo kwa ncha ya kitenge chake kama mtoto. Akaniuliza ningependa aniangalilie nini Bukavu. Hilo nalo sikulitarajia. Nikasema aangalie kama watu wanakaribisha mgeni kabla ya kumwuliza jina. Akasema ataangalia.

Mama Louise alinipungia akiwa juu. Meli ikageuka, ikawa ndogo. Nilibaki pale mpaka walinzi wakaniuliza kama nangoja mtu.

Jumanne, tarehe 19

Nimeamka mzima na mwenye mpango, tena safari hii hauna dosari.

Watarudi Alhamisi. Angèle atasimama Jumamosi kuieleza Bukavu. Lakini anasoma kwa kidole, na kuandika hawezi haraka. Mimi naweza. Nikimaliza kitabu changu cha safari kabla ya Alhamisi, Bukavu itakuwa imeshaandikwa, na yeye atakuja kuthibitisha tu.

Nimeanza asubuhi. Sura ya kwanza inahusu kuvuka ziwa, hiyo nimeiishi. Nimeandika dhoruba kurasa nne. Sura ya pili ni tabia za wenyeji. Kwa haki ya uchunguzi nimekwenda kumwuliza Valentin. Baada ya kufikiri sana amekumbuka mtu mmoja wa Bukavu aliyempita mkononi mwaka 1991. Alikuwa mfupi na mkimya. Nimeandika: watu wa Bukavu ni wafupi na wakimya.

Mchana jirani yangu Mama Jolie amekuja kuchukua uniforme ya mwanawe. Nikamsomea sura ya pili. Amesimama pale mlangoni, kichwa kinagusa kizingiti cha juu, akaanza kupinga kwa sauti iliyowatoa wauza mbao nje. Anasema yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Bukavu, na mama yake, na dada zake watano.

Nimemwacha amalize. Kisha nimemwambia kwa upole asubiri kitabu kitoke, akisome, ndipo atajua alikozaliwa.